Ushauri: binti yangu anapiga kwa kushoto, namhamishaje aje kulia?

Baba Mfunguzi
Wakuu, habari zenu. Naombeni msaada wa wanaoijua kriketi. Binti yangu ana miaka 13, ni mpigaji wa kushoto na ndiye anayefungua zamu ya timu, yaani anatangulia kupiga. Siku hizi anatoka kwa njia ileile: mrushaji wa mkono wa kulia anatupa mpira unaokatiza mbele yake kwenda nje, anaufuata, unaparuza ukingo wa gongo, slipu (mdakaji anayesimama nyuma yake pembeni) anadaka. Akija spina, mrushaji anayeuzungusha mpira ugeuke ukitua, ndiyo balaa zaidi. Mpira unatua kwenye udongo uliochimbwa na viatu vya warushaji, hajui utaruka au utalala. Kocha wake anaona ahamie kulia mapema. Nauliza tu mazoezi ya kumhamisha yaanzie wapi. Usingizi sipati.

Mzee wa Ova
Pole mkuu. Mimi nilikuwa mrushaji, na hao wa kushoto walinitesa. Mpira wangu mwingi ulitua nje ya stampu yao ya legi (kijiti cha wiketi cha upande wa miguu yao), na sheria haina mjadala: uliotua huko haumtoi mtu kwa mguu mbele ya wiketi, yaani kwa mguu kuuzuia mpira usifike kwenye stampu, hata kama ungeng'oa stampu zote tatu. Nikisema nihamie upande wa pili wa wiketi, nakanyaga mstari, noboli, yaani mpira batili. Halafu akiwa na mwenzake wa kulia wanachukua mkimbio mmojammoja, wachezaji wangu wanahama uwanja mzima kila mara, hadi nahodha ananinunia. Wewe unataka kuitupa silaha hiyo?

Mama Shangazi
Mtoto muache na mkono aliopewa na Mungu. Wazazi tunapenda kurekebisha kisichoharibika, kisha mtoto anauchukia mchezo.

Mlinda Wiketi
Kabla hatujafika mbali: anaandika kwa mkono gani? Anarusha mpira kwa mkono gani?

Baba Mfunguzi
Sioni inahusiana vipi. Nimeuliza mazoezi.

Mlinda Wiketi
Inahusiana sana. Jibu kwanza.

Baba Mfunguzi
Anaandika kwa kulia. Anarusha kwa kulia. Kila kitu kulia, isipokuwa gongo. Ndiyo maana nasema kushoto si kwake, aliokota tu alipokuwa mdogo. Mkono wenye nguvu unatakiwa uwe chini ndipo mpira uende mbali. Na kocha ni mimi mwenyewe, namrushia kila jioni kwenye mkeka wa klabu, kwa hiyo sisemi vitu nisivyoviona. Glavu za kulia nimeshanunua.

Kiti cha Mbele
Kumbe kocha na mzazi ni mtu mmoja! Wakuu sogezeni viti, uzi umenoga.

Mlinda Wiketi
Mkuu, hapo ndipo tunapopishana. Mkono wa juu ndio unaoongoza gongo, ndio unaolishusha likiwa limenyooka mpira unapokuja mwilini. Mtu wa kulia akipiga kwa kushoto, mkono wake hodari unakaa juu. Hili si ajali ya binti yako peke yake. Adam Gilchrist, Matthew Hayden, Kumar Sangakkara, Alastair Cook: wote ni watu wa mkono wa kulia waliopiga kwa kushoto. Cook amemaliza na mikimbio 12,472 ya Test (mechi ndefu za kimataifa), Sangakkara 12,400. Sourav Ganguly alianza hivyo kwa sababu vifaa alivyovikuta nyumbani vilikuwa vya kaka yake wa kushoto. Kwa wanawake, mtazame Smriti Mandhana wa India. Na kinyume chake kipo: Sachin Tendulkar anaandika kwa kushoto, alipiga kwa kulia.

Mzee wa Ova
Ongeza David Warner. Akiwa kijana kocha alimhamisha kulia kwa sababu alikuwa anainua sana mipira juu. Mama yake ndiye aliyemhimiza arudi kushoto. Mwaka 2019 akawapiga Pakistan mikimbio 335 bila kutolewa.

Baba Mfunguzi
Hao ni watu wa vipaji vya ajabu. Mimi naongelea mtoto anayelia ndani ya gari kila baada ya mechi.

Hakimu wa Zamu
Samahani, mimi nasoma polepole. Mwanzo umesema udongo umechimbwa na viatu. Sasa unasema mkeka. Mkeka hauchimbiki. Na watoto wa miaka 13 wana uzito gani wa kuchimba pichi, ile njia ya katikati mpira unapotua? Hii ni chai, tena ya moto.

Kiti cha Mbele
Chai kabisa. Mleta mada hajibu, amekimbia.

Baba Mfunguzi
Sijakimbia, nilikuwa kazini. Mkeka ni wa mazoezi. Udongo ni kwenye mechi za timu ya wanawake wakubwa. Waliishiwa wachezaji, nikamweka binti afungue. Mechi zao ni za siku mbili, kufika siku ya pili pichi imechimbika.

Hakimu wa Zamu
Hapo sawa, nimekuelewa. Naondoa neno langu.

Mlinda Wiketi
Kwa hiyo wanaomtoa ni watu wazima. Kwa rika lake anafanyaje?

Baba Mfunguzi
Kwa rika lake ndiye anaongoza kwa mikimbio.

Mama Shangazi
Jamani! Hilo ndilo lilitakiwa liwe mstari wa kwanza.

Baba Mfunguzi
Nilitaka akomae mapema, na bado naona ni jambo jema. Glavu zitakaa kabatini kwa sasa. Ila huyo spina nimfanyie nini?

Mlinda Wiketi
Chukua vipande vya kamba nene, vitandaze chini ya mkeka nje kidogo ya stampu yake ya ofu (upande ulio kinyume na wa legi), mahali spina anapotua. Mrushie humo kwa mpira wa tenisi, usianze na wa ngozi, na helmeti avae. Kila mpira achague: ama atoke mpaka aufikie unapotua, ama arudi nyuma kabisa auone umeshageuka. Kusimama katikati ndiko kunakomtoa. Na hao wa kasi wanaokatiza kwenda slipu, mwambie asipeleke gongo mbali na mwili. Usiotishia stampu aupishe. Mwache afungue zamu kwenye mechi za rika lake kwanza, kisha urudi hapa utuambie.