Vinyunyizio vya bustani vimegoma: nimruhusu fundi achimbe uwanja mzima?

Ukoka Mkavu (mleta uzi)
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaishi Buswelu, Mwanza, kwenye nyumba ya mteremkoni niliyoinunua ikiwa tayari na vinyunyizio sita vilivyofukiwa ardhini, ambavyo hupata maji kutoka kwenye tanki la lita 2,000 kwa kusukumwa na pampu ya umeme. Kwa wiki mbili sasa vinyunyizio viwili vya juu havinyanyuki kabisa, vya katikati vinacheua maji kama mtoto mchanga, na tanki lililokuwa likitosha siku tatu linakauka kwa siku moja. Fundi niliyemwita alizunguka uwanja mara moja tu, akasema mabomba yote yamechakaa na kwamba lazima achimbe uwanja mzima. Aliyeniuzia nyumba hakuniachia mchoro wa mahali mabomba yalikopita. Je, nimkubalie, au kuna njia ya kujua ugonjwa ulipo kabla ya kushika jembe? Mvua za vuli bado ziko mbali.

Fundi Bomba wa Igoma
Usimkubalie bado. Kwa kawaida ningekuambia uanze na chujio, kwa sababu maji ya ziwani hubeba mwani unaoganda kwenye wavu kama uji, lakini chujio lililoziba hupunguza maji yanayotoka. Haliwezi kukumalizia tanki. Maji yako yanapotea chini ya ardhi. Ili uthibitishe, fungua vinyunyizio vyote sita na uzibe matundu yake kwa vizibo vya kukaza, pima kina cha maji tankini kwa ufito uliotiwa alama, kisha washa pampu kwa dakika 2 tu. Usizidishe, kwa kuwa pampu inayosukuma maji yasiyo na pa kutokea hupata joto na kuharibika. Kina kikiendelea kushuka hata baada ya mabomba kujaa, bomba limepasuka.

Jambo moja watu hulikosea: kinyunyizio cha chini kabisa kikiendelea kuchuruzika kwa muda baada ya pampu kuzimwa, huo si uvujaji. Ni maji yaliyobaki kwenye mabomba ya juu yanayoshuka kwa uzito wake.

Mama Mchicha
Wakati unahangaika na mabomba, ukoka uache ugeuke rangi ya kahawia; mizizi yake huwa hai na utachipua mvua ikinyesha. Maji ya ndoo yaelekeze kwenye mboga, alfajiri, kabla upepo wa ziwani haujaanza kuvuma, na uweke matandazo ya nyasi kavu kwenye matuta. Mimi mchicha wangu niliuvusha kiangazi kizima kwa kopo lililotobolewa kwa msumari, ingawa mgongo wangu haujanisamehe hadi leo.

Ukoka Mkavu
Ahsanteni sana. Nimefanya jaribio hilo jioni hii. Ufito umeonyesha maji yameshuka upana wa vidole viwili ndani ya dakika hizo 2. Kuna pia sehemu yenye unyevu karibu na ukuta wa chini, ambako nyasi ni mbichi kuliko kwingine kote. Kesho nitachimba hapo.

Mzee wa Pasiansi
Mwanangu, subiri kwanza. Huku kwetu udongo ni mwembamba na chini yake kuna jiwe. Maji yakivuja juu hayazami, bali hutambaa juu ya mwamba hadi yanapopata upenyo, ndipo yanajitokeza. Ukichimba penye nyasi mbichi utakuta tope bila bomba lililopasuka. Anzia hapo, lakini ufuate unyevu kwa kupanda mlima, ukitoboa vishimo vidogo kila baada ya hatua mbili kwa nondo fupi, taratibu usije ukalitoboa bomba lenyewe. Shimo la kwanza utakalolikuta kavu linakuambia umeshapita penye tatizo.

Ukoka Mkavu
Shikamoo mzee. Nimepanda hatua kumi na mbili kutoka ukutani, kishimo cha saba kikawa kikavu. Kati ya cha sita na cha saba nimekuta elbo (kiungo cha kona cha bomba) iliyolazwa moja kwa moja juu ya jiwe, na upande unaogusa jiwe una ufa mwembamba kama unywele, usioonekana hadi pampu iwashwe. Je, nipake gundi juu yake tu?

Fundi Bomba wa Igoma
Gundi ya juu juu haitadumu mbele ya presha ya pampu. Kata elbo yote kwa msumeno, weka mpya pamoja na vipande vifupi vya bomba na soketi (viungo vya kuunganishia bomba kwa bomba), ukisugua miisho kwa msasa na kuikausha kabla ya kupaka gundi. Acha hadi kesho yake ndipo uwashe pampu. Chini ya bomba tandika mchanga, vinginevyo jiwe litairarua tena kila pampu inapoanza na bomba kutikisika. Kabla ya kurudisha vinyunyizio, ruhusu maji yapite kwenye matundu wazi ili udongo ulioingia utoke.

Ukoka Mkavu
Nimefanya hivyo. Vitano vimenyanyuka asubuhi ya leo, na cha juu kabisa kimejaa mchanga, kwa hiyo nimekiloweka kwenye ndoo. Fundi wa kwanza amepiga simu kuuliza aje lini na jembe. Nimemwambia aje na nondo fupi.