Tupeane uzoefu: mkusanyiko gani wa soul ya zamani ulikunasa, na wimbo upi ulikufanya urudishe nyuma?

Kanda Mbili (Mwanza)

Wakuu, salamu. Wiki hii yote niko na mkusanyiko wa Stax, kampuni ya Memphis, Marekani, iliyorekodi soul, ule muziki wa Wamarekani weusi. Ni ule wa sahani 9 uliotoka 1991. Nyimbo 244, singo za studio ile ya Memphis kuanzia 1959 hadi 1968. Mikusanyiko mingine inakupa zile kumi na mbili ambazo hata kinyozi wako anazijua. Huu haukuchagulii. Umepangwa kwa tarehe, kali na mbovu zinafuatana, na raha yake iko hapohapo.

Mwanzoni tu unakutana na Carla Thomas, bado msichana, anaimba na baba yake Rufus mwaka 1960. Zinapita kadhaa ambazo, tuseme ukweli, zingebaki kabatini tu. Halafu 1962 kinanda cha Booker T. Jones kinaingia na Green Onions, jamaa ana miaka 17. Mwaka huohuo anatokea Otis Redding. Alifika pale akimwendesha mpiga gitaa kutoka Georgia aliyekuja kurekodi. Muda ukabaki, wakamruhusu dereva naye ajaribu. Akaimba These Arms of Mine.

Ukifuata mpangilio unaisikia sauti yake ikikomaa sahani baada ya sahani, mpaka ule wa kukaa gatini, (Sittin' On) The Dock of the Bay, aliorekodi siku chache kabla ndege yake haijaanguka ziwani kule Wisconsin, tarehe 10 Desemba 1967. Alikuwa na miaka 26. Nimeusikia ule mluzi wa mwishoni tangu utotoni. Ila ukiufikia baada ya kumfuata mtu miaka mitano mfululizo, unakaa vingine kabisa.

Haya, leteni vyenu. Majina matupu ya nyimbo sitaki, nataka kisa.

Mzee Santuri (Dar es Salaam)

Mwanangu, sisi wengine kusikiliza hiyo kitu kulikuwa na masharti. 1969 nilikuwa sekondari hapa Dar. Mwaka ulifunguliwa na Operesheni Vijana: mini, wigi, suruali za kubana, vyote marufuku, na vijana wa TANU Youth League wakawa mitaani kukagua. Kabla mwaka haujaisha soul yenyewe nayo ikapigwa marufuku jijini. Hoja ilikuwa kulinda utamaduni wetu.

Vijiweni tulibishana sana. James Brown mwaka mmoja nyuma alikuwa ametoa wimbo wa kuwaambia watu weusi waseme kwa sauti kwamba wanajivunia weusi wao. Tukaulizana, sasa ubeberu hapo uko upande gani? Jibu hatukupewa.

Santuri za kaka yangu zikahamia chini ya kitanda. Tukawa tunafunga madirisha, tunapiga kwa sauti ya chini. Aretha Franklin kwa sauti ya chini, hebu fikirini! Respect aliitunga Otis na kuirekodi 1965, mwanamume anadai heshima yake akirudi nyumbani. Aretha 1967 akaichukua akaigeuza, anayedai sasa ni mwanamke, tena anakutajia herufi moja moja usije ukasema hukusikia. Dada zangu waliishika hiyo kuliko sisi, na mama akawa anauliza huyo mwanamke anagombana na nani humo ndani.

Biti Mbichi (Arusha)

Shikamoo mzee. Aisee, hiyo ya madirisha sijawahi kuisikia kwa mtu.

Mimi nimeingilia mlango wa nyuma, hip hop. Natengeneza biti, nikawa nafukuzia sauti ya mwanadada iliyomo kwenye Tearz ya Wu-Tang Clan ya 1993. Nikafika kwa Wendy Rene, Stax, 1964. Nikaenda kuisikiliza ile yenyewe nikijua nitakata sekunde chache niondoke, nikaishia kuimaliza, nikarudia, na biti sikutengeneza siku hiyo. Kile kinanda cha mwanzo kina baridi fulani hivi.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Hold On, I'm Comin' ya Sam & Dave, 1966. Isaac Hayes na David Porter walikuwa wanatunga, Porter akaenda chooni akakawia. Hayes akampigia kelele aharakishe, naye akajibu kutoka hukohuko kwamba subiri, nakuja. Akatoka mbio, jina la wimbo limeshapatikana.

Binti Makadara (Mombasa)

Mie mkusanyiko wangu haukuuzwa dukani. Ni kaseti ya marehemu baba, kairekodi mwenyewe kutoka redioni, ubavu wa kwanza soul za Marekani, wa pili taarab na nyimbo mbili tatu za Slim Ali na Hodi Boys, maana yeye kwake soul haikuwa kamili bila mtoto wa Mombasa ndani.

Kwenye When a Man Loves a Woman ya Percy Sledge mtangazaji anaingilia kati, anasoma salamu za watu wa Malindi, kisha anamwachia Percy amalizie. Nimekua nikidhani ndivyo ulivyo. Nilipokuja kuupata mzima kwenye simu niliona kuna kitu kimepungua. Mpaka leo tukiuimba nyumbani, pale katikati lazima mmoja wetu atume salamu.

Mwana Lushi (Lubumbashi)

Jambo bandugu. Papa yangu alikuwa Kinshasa mwaka 1974, wakati wa tamasha la Zaïre 74, mwezi wa tisa. James Brown, Bill Withers, B.B. King, The Spinners, na wa kwetu Franco na Tabu Ley. Pigano la ngumi la Ali na Foreman lilikuwa lifanyike wakati huohuo, Foreman akapasuka juu ya jicho mazoezini, likasogezwa hadi 30 Oktoba. Muziki haukungoja.

Papa alikuwa anacheka akikumbuka. Mobutu alikuwa ametuondolea majina ya Kikristo, suti na tai hazitakiwi, kila kitu otantisite, yaani kurudi kwenye asili yetu. Halafu kwenye jukwaa anatokea James Brown kavaa nguo ya kubana yenye herufi zake kiunoni, na uwanja unalipuka! Lakini aliyemnasa yeye ni Bill Withers, kakaa na gitaa peke yake. Mtu aliyekuwa anafanya kazi kiwandani, akitengeneza vyoo vya ndege, kabla Ain't No Sunshine haijamtoa 1971.

Mama Tennessee (Nashville)

Kanda Mbili, unajua kwa nini mkusanyiko wako unakatikia 1968? Mkataba wa Stax na Atlantic, kampuni iliyowasambazia sahani, uliwapa Atlantic umiliki wa rekodi zote walizozisambaza. Atlantic ilipouzwa kwa Warner, Stax wakagundua kazi zao za miaka yote ile si zao tena. Wakaanza upya. Kwa hiyo Isaac Hayes wa Shaft na Staple Singers wa 1972 wako kwenye mkusanyiko wa pili na wa tatu, iliyotoka baadaye.

Jengo la zamani, lililokuwa sinema, lilivunjwa 1989. Palepale pamejengwa makumbusho, yakafunguliwa 2003. Sakafu ya studio wameirudishia mteremko wake wa sinema. Mume wangu hapendi makumbusho, aliganda mbele ya Cadillac ya Isaac Hayes yenye urembo wa dhahabu mpaka nikamfuata.

Jambo moja kwa wanunuzi: zile sahani za bei ya kutupa zenye majina yote makubwa, geuza nyuma usome maandishi madogo. Nyingi ni nyimbo zilezile zilizorekodiwa upya miaka mingi baadaye na wakongwe haohao, sauti imechoka, ngoma za kompyuta. Mimi moja nilimpa jirani, naye akairudisha.

Kanda Mbili (Mwanza)

Mama, kumbe! Nilimtafuta Mavis Staples, yule mwimbaji wa Staple Singers, sahani zote tisa nikaona wamemsahau. Mwenye huo wa tatu anitumie ujumbe, nalipia na nauli ya basi kutoka Dar. Mzee Santuri, na zile za chini ya kitanda ziko wapi sasa?

Mzee Santuri (Dar es Salaam)

Anazo dada yangu. Hamwazimi mtu.