Ndege wanajibamiza kwenye kioo cha dirisha, nifanyeje?

Kiota_Juu:
Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa wenye uelewa maana hili jambo linaniumiza roho kwa kweli. Tuna dirisha kubwa la kioo linatazama bustani, ukisimama nje unaona miti yote imo humo ndani ya kioo, sasa ndege wanakuja kasi wanajibamiza, ukiwa ndani unasikia tu pu! ukitoka unamkuta yuko chini mdomo wazi anahema. Wengine baadae wanaruka wanaondoka, wengine ndo basi tena. Na kwenye kioo panabaki alama ya vumbi la manyoya, unaona kabisa mabawa mawili na kifua. Stika ya mwewe ipo pale katikati lakini wanagonga pembeni yake tu kama haipo. Asubuhi ndo wanagonga zaidi. Kuna dawa ya hili au niwe nafunga mapazia mchana kutwa?

Bundi_Mkesha:
Pole sana mkuu. Ndege hajui kwamba pale kuna kioo. Yeye anaona mti na mbingu, na anaruka kuelekea kwenye huo mti kama anavyoruka kwenda kwenye mti wowote, kwa hiyo hapunguzi mwendo. Binadamu tumezoea, tunaona fremu, tunaona uchafu kwenye kioo, tunajua hapa pana dirisha, ndege hana habari na hayo.

Stika ya mwewe haimtishi kwa sababu haisogei. Anaiona ni kitu tu kimekaa pale, anakikwepa anapita pembeni, na pembeni ndo kuna kioo kitupu, ndo maana unaona wanagonga hapohapo karibu yake. Kinachofanya kazi ni kujaza alama kioo KIZIMA, vidoti au mistari, na nafasi kati ya alama na alama isizidi sentimita 5, juu, chini na pembeni. Ndege wadogo wamezoea kupenya kwenye matawi, ukiwaachia upenyo wa kiganja wanaona wanapita. Ukifunga hizo nafasi anaona hapa hapapitiki anageuza mapema.

Na alama zibandikwe upande wa NJE. Watu wengi wanabandika ndani kwa sababu ni rahisi kufika, lakini taswira ya miti inatokea kwenye uso wa nje wa kioo na inafunika kilichoko ndani, ndege haoni kitu. Habari ya mapazia ni hiyohiyo, mchana ukifunga pazia jeusi mara nyingi kioo ndo kinakuwa kama cha kujitazamia kabisa. Pazia linasaidia pale ambapo ndege anaona upande wa pili, mfano kona ya nyumba yenye vioo pande mbili au madirisha mawili yanayotazamana, hapo anadhani kuna njia.

Mama_Shomoro:
Naongezea kwa alichosema Bundi. Ndugu yangu sio lazima ununue vitu vya bei, chukua sabuni ya mche au rangi ya maji wanayochorea watoto, chora mistari ya kusimama nje ya kioo toka juu hadi chini, minene kidogo ionekane kwa mbali, mvua ikifuta unachora tena. Leo hiihii unaweza kuanza wakati unatafuta kitu cha kudumu.

Mimi ninachokipenda zaidi ni kamba. Unafunga ufito au bomba jembamba juu ya dirisha kwa nje, unaning'iniza kamba za rangi iliyokolea, moja hapa nyingine pale, kwa kamba nafasi ya sentimita 10 hivi kati yake inatosha, ziachie chini zisifungwe. Upepo ukizichezesha haina shida. Ukiwa ndani bado unaona bustani yako vizuri, baada ya muda hata huzioni tena. Wavu nao ni mzuri sana ila uvutwe ukaze na ukae mbali kidogo na kioo, ili ndege akija agonge wavu umrudishe kabla hajafika kwenye kioo.

Kitu kingine, kama unawawekea ndege maji au nafaka angalia umbali. Weka karibu kabisa, ndani ya mita 1 toka dirishani, akishtuka akaruka hapo hajapata kasi ya kumuumiza. Au peleka mbali zaidi ya mita 10. Hapo katikati ndo pabaya, anaruka kwa hofu na anafika kwenye kioo akiwa na mwendo wote.

Nahodha77:
Ila jamani si tatizo la maghorofa hili? Nyumba moja ina ndege wangapi

Bundi_Mkesha:
Nahodha hapana. Marekani watafiti walikokotoa mwaka 2014 wakapata kati ya ndege milioni 365 na milioni 988 wanakufa kila mwaka kwa kugonga majengo. Karibu wote ni kwenye nyumba za kawaida na majengo mafupi, maghorofa marefu hayakufika hata asilimia 1. Ghorofa moja linaua wengi kuliko nyumba moja ni kweli, lakini nyumba ni nyingi mno, kila moja ikiua wachache tu jumla yake inatisha. Ndo maana namshukuru aliyeleta huu uzi.

Majengo makubwa nayo yana la kwao ambalo ni taa. Ndege wengi wanaohama wanasafiri usiku, taa zinawavuta na kuwachanganya, wanashuka, kukicha wanazungukwa na vioo. Chicago kuna ukumbi unaitwa McCormick Place, Oktoba 2023 usiku mmoja walikufa karibu 1,000 hapo. Mwaka uliofuata wakabandika vidoti kwenye vioo, vifo vikashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Vidoti tu. Kwa hiyo na wewe usiku zima taa za nje usizozihitaji, hasa misimu ya ndege kuhama.

Kiota_Juu:
Nashukuru sana, nimeelewa, wikiendi hii nafunga kamba. Maswali mawili tu. Yule anayedondoka nimfanyeje? Na kuna mmoja yeye hagongi kwa kasi, anakuja anadonoa kioo anakirukia anarudi, siku nzima

Daktari_wa_Kuku:
Aliyedondoka usimpe maji wala chakula, na usimmiminie kitu mdomoni maana anaweza kupaliwa. Mshike taratibu kwa kitambaa, mweke kwenye boksi la karatasi ngumu lenye matundu ya hewa, chini tandika kitambaa, funga, weka pahali pa giza, kimya, pasipo na baridi, mbali na paka na watoto. Usiwe unafunguafungua kumchungulia, ile hofu inamuumiza zaidi. Baada ya saa moja au mbili toa boksi NJE ndo ufungue, usifungulie ndani ya nyumba. Akiruka vizuri mwache aende. Kama bawa linaning'inia au bado anapepesuka mpeleke kwa daktari wa wanyama. Na hata anayeruka palepale baada ya kugonga asikupe moyo sana, wengine wanavuja damu kwa ndani wanakwenda kufia mbali huoni.

Huyo anayedonoa ni kesi tofauti. Anajiona kwenye kioo anadhani ni mwenzake kamvamia eneo lake, wanafanya hivyo sana wakati wa kuzaliana. Hatakufa kwa hilo ila anajichosha, muda wa kulisha makinda unaishia kwenye kupigana. Funika hiyo sehemu anayoipenda kwa nje, gazeti au kitambaa kinatosha, asijione. Msimu wa kuzaliana ukiisha anaacha mwenyewe. Angalia na vioo vya pembeni vya gari kama linalala karibu na hapo, akikosa dirishani huwa anahamia huko, vivishe mfuko tu.