Wino wa muhuri haukauki kwenye kadi za harusi, na masika ndiyo kwanza yameanza

BintiMkunazini:
Assalam alaykum. Naomba msaada kwa wanaotengeneza kadi kwa mkono, hasa walioko huku visiwani. Maelekezo mengi ninayoyakuta mitandaoni ni ya watu wa Ulaya, hewa yao kavu na madukani kwao kila kitu kipo.

Mie nilikuwa nikitengeneza kadi za Idd na za kumpongeza aliyejifungua, basi, kwa jamaa na mashoga tu. Napiga mihuri ya mpira, halafu naongeza kipande cha kanga, ukili uliotiwa rangi au uzi wa kofia. Sasa mtoto wa khalati anaolewa Mfunguo Pili na khalati kaniachia kadi zote za mwaliko. Muhuri nimechongesha kwa fundi: korosho kubwa ya kanga, na pembeni mnyororo kama ule wa milango ya Mji Mkongwe. Muhuri wenyewe hauna neno.

Tabu iko kwenye wino. Natumia pedi ya kawaida ya ofisini, nyekundu. Nikipiga kwenye manila ya skuli, wino unatambaa na ukingo wa korosho unafumuka. Nikipiga kwenye karatasi ya kung'aa, ambayo ndiyo aliyoichagua khalati, leo napiga, kesho nagusa, na rangi inahamia kidoleni. Nimeziweka chini ya feni usiku kucha, wapi! Nina na unga wa dhahabu wa kunyanyulia maandishi, lakini nikiukaushia kwa drai ya nywele unaruka wote. Na kanga nikiibandika kwa gundi nyeupe, kadi inajikunja.

Jengine, khalati analalamika kuwa korosho hazifanani, hii imekolea, ile imepinda. Nifanyeje?

MamaUkili (Wete):
Wa alaykum salaam mwanangu. Mwanzo zima hiyo feni, unamaliza umeme bure.

Wino wa pedi ya ofisini hutiwa glisirini au kitu cha jamii hiyo ili pedi isikauke hata karani akiisahau wazi. Glisirini tabia yake ni kuvuta unyevu wa hewani. Kwenye karatasi ya kawaida wino ule "hukauka" kwa kunywewa, si kwa kupigwa na upepo. Karatasi ya kung'aa imepakwa juu tabaka laini lisilonywa. Sasa tia na masika: chini wino hauna pa kwenda, juu hewa imejaa maji. Utaipepea mpaka Mfunguo Tatu.

Manila ya skuli ina ugonjwa wa kinyume, inakunywa mno. Ukienda kununua karatasi usiangalie weupe tu. Chukua kipande, kitie tone la mate kwa kidole (mwenye duka akikuona, basi ni maji). Tone likizama papo hapo, iache. Likikaa juu kidogo halafu likaingia polepole, hiyo ndiyo. Iwe laini isiyong'aa, gramu 200 mpaka 250. Ya gramu 80 ni ya fotokopi, haisimami mezani.

Wino nao ubadilishe. Tafuta pedi ya pigimenti, ile ambayo rangi yake ni chembe zinazokaa juu ya karatasi badala ya kuyeyuka ndani yake. Ukingo wa korosho hautafumuka. Ila nayo haina haraka ya kukauka, na hapo ndipo unga wako wa dhahabu unapopata kazi, maana unga unataka wino uliolowa. Wewe unahangaika kuukausha na wenzio wanaomba ubaki na umaji.

Lakini hakikisha ni unga wa kuyeyuka. Kama ni glita, mpe mtoto wa jirani. Glita haiyeyuki, na itakufuata mpaka kwenye wali.

Drai ya nywele inapuliza sana na moto wake mdogo. Mie natumia pasi. Kwanza nachukua poda ya mtoto kwenye kitambaa, naipitisha juu ya kadi, maana huku kwetu mikono ina jasho na unga hunasa kila ulipogusa. Napiga muhuri, namwaga unga mwingi bila uchoyo, naukung'utia kwenye gazeti lililokunjwa na unarudi koponi. Chembe zilizobaki pembeni naziondoa kwa brashi ndogo kavu. Kisha nasimamisha pasi imara iliyo moto, naishika kadi kwa vibanio vya nguo, mgongo wa kadi ukielekea pasi bila ya kuigusa. Mwanzo hakuna kitu. Unga umekaa kama mchanga, rangi yake imefifia. Halafu pembe moja inalowa ghafla, inang'ara, na ule mng'aro unatembea kufuata mstari wa korosho mpaka ncha. Ukifika mwisho, ondoa hapo hapo. Ukizidisha, dhahabu inazama karatasini na kuacha alama kama ya mafuta. Watoto wasiwepo karibu, na pasi usiiache peke yake.

Ukifanya hivyo hata karatasi ya khalati ya kung'aa itakubali, kwa sababu unga ukishayeyuka na kupoa, wino unafungika chini yake. Jaribu lakini kwenye kipande kwanza, baadhi ya karatasi hizo zina plastiki juu na zinavimba zikipata moto.

Kanga nakuja, adhana hiyo.

FundiMihuri_Darajani:
Mama kasema kweli kuhusu wino. Naongeza ya upande wetu.

Dada, hiyo korosho ni ya mistari au imejaa yote? Kama imejaa, ndiyo maana huku inakolea na huku inapauka. Eneo kubwa tupu la mpira halishiki wino sawasawa hata ufanyeje. Mwambie aliyekuchongea akujazie kwa mistari au vidoto, kama korosho za kanga zilivyo zenyewe. Na kama muhuri umechongwa kwa mashine ya leza, mara ya kwanza unatoka na masizi na mafuta. Uoshe kwa sabuni na mswaki wa zamani, ukauke kivulini. Thina na petroli usipeleke kabisa, mpira unavimba na mistari inazibana. Na usiuache juani dirishani.

Muhuri mkubwa usiubonyeze kwenye pedi. Ugeuze uso juu, chukua pedi uigongegonge taratibu juu yake mpaka uone umelowa wote. Chini ya kadi weka soli ya kandambili bapa au magazeti, bonyeza wima, usiyumbishe, nyanyua moja kwa moja. Wengi wanayumbisha kama wanakanda unga wa chapati, ndipo ukingo wa mpira unapoacha alama.

Wino wa spiriti wa kupigia plastiki nao upo, kwenye karatasi ya kung'aa unakauka upesi sana. Lakini pedi yake nayo inakauka upesi hivyo hivyo, na unanuka. Fungua madirisha.

Kijana_wa_Kikwajuni:
Kwani lazima mkono? Peleka kwenye duka la uchapaji, siku moja zote zimetoka, zinafanana, khalati anafurahi.

MamaUkili (Wete):
Kijana, aliyeuliza kauliza muhuri. Mashine zipo, anajua zilipo.

Haya, kanga. Gundi nyeupe ina maji mengi. Upande mmoja wa karatasi ukilowa unatanuka, ukikauka unajivuta na kadi inakwenda nao. Paka gundi kwenye kanga, si kwenye kadi, tena nyembamba, ieneze kwa kipande cha kadi kuukuu. Halafu upande wa ndani wa kadi bandika karatasi nyembamba kwa gundi ile ile, ili na kule nako kuvute. Hapo ndipo utakapoweka maneno ya mwaliko: yachapishe kwenye karatasi ya kawaida, yakate, yabandike. Umetibu mkunjo na umeokoa mkono wako na kuandika jina la ukumbi mara zote hizo. Zilaze chini ya vitabu vizito mpaka asubuhi, baina ya kila kadi gazeti kavu.

Ukingo wa kanga usiuache unafumuka nyuzi. Kabla ya kukata, paka gundi iliyozimuliwa maji upande wa nyuma wa kitambaa, kiache kikauke, ndipo ukate. Utakatika kama karatasi. Vipande kachukue kwa fundi cherehani, usiikate kanga mpya ya mtu. Kama harusi, chukua kisutu. Nyekundu, nyeusi na nyeupe, kila mama akiiona anajua kuna nini hata kabla ya kufungua kadi.

Mie gundi napika mwenyewe, uji mzito wa wanga wa muhogo, ule tuliokuwa tukigandishia tiara. Inashika kitambaa vizuri kuliko ya dukani. Ubaya wake inaota ukungu, na mende wanaipenda. Natia tone la mafuta ya karafuu ikishapoa kidogo. Wajalidi vitabu nao hutumia mafuta hayo kwenye gundi ya wanga isioze, sikuzua mie.

Ukili usiubandike, ushone. Toboa matundu kwanza kwa sindano juu ya ile soli ya kandambili aliyoitaja fundi, kisha pitisha uzi wa kofia. Ukitoboa na kushona kwa pamoja, karatasi inachanika.

Na nakuomba, kadi moja usiweke vyote. Korosho ya dhahabu NA kanga NA ukili NA maua, hiyo si kadi, ni dirisha la duka. Chagua viwili.

Mkoani_Kwetu:
Mama, na karafuu zenyewe? Tatu zimefungwa kwa uzi mbele ya kadi, mwaliko unanukia. Harusi ya Pemba hiyo.

MamaUkili (Wete):
Zinanukia, na baada ya muda kuna duara la mafuta kwenye karatasi na jengine kwenye bahasha. Kama roho imependa, tumia kijiti cha mdalasini chembamba. Au kata umbo la shada la karafuu kwenye ufutio mweupe, upige kwa wino wa kahawia. Kisu cha kuchongea napata kwenye mwavuli uliokufa: ule ubavu wa chuma una mfereji, ukate, noa ncha kwenye jiwe, unachimba mistari safi kabisa.

Manjano usitie rangi nayo. Watu wanaiparamia kwa sababu ni ya bure jikoni. Juani inapauka, na ikigusana na sabuni au chokaa inageuka nyekundu.

MzeeStempu:
Binti, mimi kadi sizijui. Nakusanya stempu. Nataka kumjibu khalati wako kuhusu korosho kutofanana.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, stempu zilizokuwapo za Zanzibar zilikuwa na sura ya Sultani. Hazikuchomwa. Zilipigwa hapa hapa muhuri wa mkono, JAMHURI 1964, juu ya ile sura, kisha zikauzwa posta. Baadaye zikaja zilizochapwa kwa mashine maneno hayo hayo. Ninazo za namna zote mbili mbele yangu sasa hivi. Za mashine zimenyooka, kila moja ni sawa na mwenzake. Za mkono moja imelala kidogo, nyengine wino umekolea kwenye J na kupungua mwishoni. Sisi wakusanyaji tunatoa miwani na kuangalia huko huko kwenye kupinda, maana ndiko kunakoonesha kuwa mtu alikaa kitako akazipiga moja moja.

Na tafadhali, ukikuta bahasha za zamani kwa bibi, stempu zake usizikate ukabandika kwenye kadi. Niulize kwanza.

BintiMkunazini:
Shukrani nyote, Mungu awalipe. Nimerudi na habari.

Pedi ya pigimenti nimepata, nyeusi tu, nyekundu hakuna. Korosho fundi kaijaza mistari. Karatasi ya kung'aa ya khalati ilivimba kwenye pasi kama Mama alivyosema, nikampelekea khalati ile iliyovimba pamoja na moja ya karatasi laini yenye dhahabu. Kaipitisha kidole juu ya korosho, kaigeuza, kaipitisha tena. Akasema hizi hizi. Ya stempu nilimsomea pia, kanambia "huyo mzee muoe wewe", lakini ya kupinda hakuitaja tena.

Nimechagua dhahabu na ukanda mwembamba wa kisutu kwenye mkunjo. Ukili nimeuacha kwa kadi za wazee tu. Swali la mwisho, bahasha. Kadi yangu ni A4 iliyokatwa nusu kisha ikakunjwa.

MamaUkili (Wete):
Hiyo ikikunjwa ni A6, milimita 105 kwa 148. Bahasha yake ni C6, 114 kwa 162, inaingia bila kubanwa. Kabla ya kukunja, chora mstari wa mkunjo kwa kalamu ya wino iliyoisha, kwa rula, ndipo ukunje. Dhahabu isipite juu ya mkunjo, itapasuka.

Zenye ukili bahasha hiyo haizitoshi kwa unene, wapelekee kwa mkono. Wazee ndivyo wanavyotaka, hata kama kadi ingekuwa tupu. Weka kila kadi kumi kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu tupia kimoja ndani. Za jamaa wa Pemba zifunge mara mbili, boti msimu huu inapiga maji mpaka kwenye mizigo. Nitumie zote kwa pamoja, za Chake nitazigawa mwenyewe, kuna watu nimekuwa nikitafuta sababu ya kuwapitia.

MzeeStempu:
Na za bibi umeangalia?