Yanga kumtoa kocha Folz ilikuwa sahihi, au tumezoea tu kufukuza makocha?

Mwananchi wa Temeke
Wakuu habari za jioni. Leo Januari 4, 2026, nimetoka kuangalia Taifa Stars wakitolewa na Morocco 1-0 hatua ya 16 bora AFCON, roho inauma, ila kuna kitu kingine kimenikaa kooni. Yule pale kwenye benchi la Stars ni kocha Gamondi, Gamondi huyu huyu ambaye sisi Yanga tulimpa thenkyuu Novemba 2024 kisa kufungwa mechi mbili, Azam 1-0 na Tabora United 3-1, mtu alishinda mechi nane za kwanza za ligi bila nyavu kuguswa, mtu alimpiga Mnyama Simba 5-1 mwaka mmoja nyuma. Leo ndo kaifikisha nchi mahali ambapo haijawahi kufika toka iende AFCON ya kwanza 1980.

Haya tukamleta Ramovic, tukaimba gusa achia twende kwao, Februari 2025 kaenda zake Belouizdad ya Algeria. Kaja Hamdi, kabeba ligi, kaenda Ismaily ya Misri. Kaja Folz, Oktoba 18 kafungwa 1-0 na Silver Strikers ya Malawi kule Lilongwe, Klabu Bingwa Afrika, hata kulala hatujalala taarifa imeshatoka, kapewa mkono wa kwaheri. Sasa tuna Pedro. Nauliza tu, kumtoa Folz tulifikiri au tulikuwa na hasira? Karibuni, matusi wekeni pembeni.

Kijani wa Mbeya
Mkuu unachanganya mafaili. Ramovic na Hamdi hatukuwafukuza, waliondoka wenyewe, kwa hiyo tuliowatoa ni wawili tu.

Na Folz usimtetee kama hukumuona laivu. Mechi ya Mbeya City ile ya 0-0 nilikuwa uwanja wa Sokoine, jukwaa la mzunguko, pembeni yangu kakaa mzee mmoja kofia ya kijani, karanga zake kwenye karatasi, kaniambia katoka Tukuyu asubuhi kwa kosta. Toka mpira unaanza anaongea peke yake "mbele jamani, mbele", na mpira unatoka kwa beki unaenda kwa kipa unarudi kwa beki unaenda upande wa pili unarudi, dakika ya 70 akakunja zile karanga akazitia mfukoni, akaniambia "kijana mi naiwahi gari" akaondoka. Hajaongeza neno. Mzee wa namna ile huwa haondoki kabla ya filimbi, hata tukiwa tunafungwa. Siku ile mimi nilijua Folz hafiki Krismasi.

Mtu wa Zenji
Mzee wa karanga nampa pole, lakini mbona mnasahau haraka hivyo? Oktoba 2022 kocha wetu Nabi alitolewa na Al Hilal Klabu Bingwa, tukashushwa Shirikisho, kelele za kumtaka aondoke zilikuwepo na wengine walikuwa nyie nyie. Tukaja kukutana na Club Africain, kwa Mkapa 0-0, kelele zikazidi. Uongozi ukakausha. Tukaenda Tunis, Aziz Ki akaweka moja, tukapita, na msimu ule ule tukafika fainali na USM Alger, tukawapiga kwao Algiers 1-0, tukakosa kombe kwa sheria ya goli la ugenini. Sasa niambieni, kwa hasira za 2025 Nabi angefika Algiers? Angelitolewa siku ile ya Al Hilal na fainali tusingeliijua.

Mnyama kindakindaki
Utopolo wa Yanga mnanichekesha sana hahaha. Eti Gamondi kafika 16 bora, kafika na pointi mbili, hajashinda hata mechi moja. Nyie endeleeni kubadilisha makocha kama soksi sisi tunajenga.

Kijani wa Mbeya
Mnajenga nini kolo wa Simba wewe, kocha wenu Fadlu aliyewafikisha fainali ya Shirikisho na Berkane kawakimbia kaenda Raja ya Morocco, mkamleta Pantev mkambatiza jina la "meneja mkuu", miezi miwili tu kaondoka, leo mko na Barker. Soksi zenu zenyewe ziko wapi?

Mnyama kindakindaki
Ya Pantev tuachane nayo.

Dada wa Nyamagana
Kuna jambo hamligusi. Folz hakuanguka toka mbinguni, kuna watu walikaa mezani Julai wakasoma CV yake wakasema huyu ndiye. Kijana wa miaka 35, kapita AmaZulu, kapita Horoya, kapita Akbou ya Algeria, kote muda mfupi mfupi, hayo yote yalikuwa wazi kabla hajasaini. Kama hafai Oktoba basi hakufaa Julai. Yeye kaondoka, waliomchagua wamebaki pale pale na ndo hao hao wakaenda kuchagua mwingine. Mbona hawa hawapewi thenkyuu?

Halafu kila kocha anakuja na mazoezi yake, na staili yake ya kukaba, mchezaji alikuwa anaanza leo yuko jukwaani, akizoea kocha kaondoka. Mimi sisemi Folz angebaki, ila lawama zote kumbebesha mtu mmoja mwenye begi ni rahisi mno.

Kijani wa Mbeya
Dada hapo sikupingi. Ila kumbukeni mazingira, marudiano yalikuwa baada ya siku saba, tukitoka pale hakuna makundi, hakuna hela za CAF. Ungemuacha yule yule mwenye mpira wa kurudi nyuma? Timu akapewa msaidizi wake Mabedi, Mmalawi mwenyewe anawajua, tukapiga 2-0, Dickson Job na Pacome, tumepita. Pedro kaanza makundi kwa kuipiga FAR Rabat 1-0 hapo kwa Mtu wa Zenji. Dawa imefanya kazi.

Na huo mfano wa Gamondi mleta mada unanibeba mimi. Gamondi aliipataje Stars? Si kocha Hemed Morocco alitolewa Novemba, AFCON iko mlangoni. Kumbe kubadilisha kocha dakika za mwisho kunalipa.

Mwananchi wa Temeke
Daah hapo umenipiga chenga, sikuiangalia hivyo. Na huyo mzee wa karanga kaniuma kuliko hoja zako zote.

Ila Silver Strikers kwa Mkapa hata na Folz tungewafunga, timu yenyewe unaijua. Mimi ya Folz naanza kukuelewa, ya Gamondi hapana, ile nitakufa nayo. Kocha alikuwa naye tukatolewa na Sundowns kwa matuta tu, na goli la Aziz Ki lililokataliwa dunia nzima imeliona limevuka mstari, halafu miezi saba mbele tunamtoa kwa ajili ya Tabora United?

Mtu wa Zenji
Mie nina swali moja tu kwa Kijani. Mwezi huu huu tunakwenda Misri kwa Ahly. Pedro akila tatu kule, utasemaje?

Kijani wa Mbeya
Akila tatu mtanikuta hapa hapa wa kwanza kusema atoke, siwafichi.