Nimechemsha mwamba siku tatu, nimeambulia utando wa kupaka kidole

mbongo_Tallinn: Wakuu, wakubwa shikamooni. Niko Estonia, nasoma jiokemia, yaani kemia ya miamba. (Nyumbani nikisema nashughulika na "shale", mwamba wa tabaka, wanadhani nimepata kazi sheli.) Kuna mwamba hapa unaitwa kukersaiti, wa kahawia, mwepesi mkononi. Kipande chembamba ukikiwekea kiberiti kinawaka, nimejionea. Nikajua mafuta yamo tele. Nikasaga gramu 40, nikatia kwenye Soxhlet (chombo cha kioo kinachopitisha kiyeyushi kwenye unga tena na tena), kiyeyushi kikiwa dikloromethani iliyochanganywa na methanoli kidogo, saa 72. Nimepata miligramu 130! Utando kama chai ya rangi iliyokaukia chini ya kikombe. Nimekosea wapi? Halafu GC-MS, mashine ya kutenganisha kemikali na kupima uzito wa vipande vyake, inatoa mlima mmoja wa m/z 149 (kipande chenye uzito 149), umefunika vyote. Hiyo si ndiyo alama ya mwani wa kale uliozaa mwamba huu?

Babu_Kerojeni: Marahaba. Hujakosea kitu, mwanangu. Humo hamna mafuta, mna kerojeni, mabaki ya viumbe yaliyofungamana yakawa kitu kigumu, na kerojeni haiyeyuki. Loweka tairi kwenye petroli wiki nzima, utatoa tairi. Ulichopata ni bitumini, kile kidogo kilichokuwa huru. Mafuta ya kuuza hupatikana kwa kuuoka mwamba bila hewa, kama nyuzi 500, kerojeni ikakatikakatika. Kwa hiyo usitupe ule unga uliobaki! Ondoa madini ya kaboneti kwa HCl (asidi hidrokloriki), ya silikati kwa HF (asidi hidrofloriki), kinachosalia kipitishe kwenye pairolisisi (kuoka bila hewa) yenye GC-MS. Kukersaiti itakupa alkili-resosinoli, kemikali zinazotoka kwenye kerojeni yake, za kutosha. Ila HF usiiguse peke yako, wala bila jeli ya kalsiamu glukoneti, dawa yake, mezani. HF inapenya ngozi kimyakimya, maumivu yanakuja baadaye.

dada_wa_maabara: Mimi nina wasiwasi na huo mlima. 149 ni fthaleti, kilainishi cha plastiki. Chungulia kama kuna 167 na 279 pembeni. Ulishika wapi plastiki? Dikloromethani inairamba kama mtoto na aiskrimu. Rudia kila hatua bila mwamba, siku zile zile tatu, uone.

mbongo_Tallinn: Nimerudisha majibu. Soxhlet tupu, mlima ule ule, na 167 na 279 zipo. Kimiminika nilikuwa nakimimina kutoka chupa ya plastiki ya kubinya, na pipeti zilikuwa za plastiki. Sasa natumia kioo tu, na foili chini ya vifuniko. Mlima umeshuka, alkani (minyororo ya kaboni na hidrojeni) zimeanza kujipanga kama meno ya kitana. Shida ni slaidi ya Ijumaa, nilishaandika kwa herufi kubwa: MWANI WA MIAKA ZAIDI YA MILIONI 450.

dada_wa_maabara: 😂 Ifute kabla msimamizi hajaiona.