QPSK: nukta nne zimegeuka pete, nimekwama na kipokezi cha SDR

FundiAntena: Habari wakuu. Wiki ya tatu sasa najenga kipokezi cha QPSK (data inabebwa na pembe nne za wimbi, ndizo nukta nne kwenye mchoro) kwenye GNU Radio, programu ya kuchakata mawimbi ya redio. Kwenye uigaji nukta nne zinatulia, kila moja na kona yake. Nikichomeka RTL-SDR (kipokezi cha USB cha SDR, yaani redio inayoendeshwa na programu) zinageuka pete. Kisambazaji ni HackRF, nimekiunganisha kwa kebo na kipunguza nguvu cha desibeli 60, sirushi kitu hewani. Masafa MHz 433.92, alama 10,000 kwa sekunde, sampuli 8 kwa alama. Mpangilio: kichujio cha RRC kinacholainisha umbo la alama (upana wa ziada 0.35), saa ya alama, mwisho kitanzi cha Costas kinachofuatilia pembe ya wimbi. Upana wa kitanzi nimeubadilisha mpaka nimechoka. Nakosea wapi?

Sampuli80: Pete maana yake awamu, yaani pembe ya wimbi, inazunguka. Kristali inayopanga masafa ya kifaa ikipotoka sehemu 20 kwa milioni, kwenye masafa yako hiyo ni karibu kHz 8.7. Alama moja haijapisha nyingine, awamu imekaribia kumaliza duara zima! Costas hawezi kuikamata. Kwenye uigaji pande zote mbili zilitumia saa moja, ndiyo maana hukuliona.

Halafu kuna kinachoniuma zaidi: kichujio chako kinapitisha kHz 6.75 tu kila upande wa sifuri. Mawimbi yakihama kHz 7, zaidi ya nusu yanakatwa, na kilichokatwa hakirudi. Sahihisha masafa KABLA ya kichujio. Pandisha sampuli kwenye kipeo cha nne, kisha piga FFT (hesabu inayoonyesha nguvu kwenye kila masafa). Data inafutika, kinabaki kilele kirefu kwenye mara nne ya upotofu. Nakuomba sana, usiguse Costas kabla hujakiona kilele hicho kwa macho yako.

BitiNane: Na uzime AGC, ile inayopandisha na kushusha ukuzaji yenyewe. RTL-SDR ina biti 8 tu. Ikijaa, FFT itakuonyesha vilele vya uongo.

FundiAntena: Nimekiona! Kilele kiko kHz 28.4, yaani upotofu ni 7.1. Nimeuondoa, pete imevunjika kuwa nukta nne. Ila maandishi yanatoka ovyo, safari nyingine yanatoka sawa.

Sampuli80: Costas anaweza kujishikiza kwenye pembe yoyote kati ya nne, na yeye haoni tofauti. Tumia usimbaji wa tofauti pande zote mbili, data ibebwe na badiliko la pembe kutoka alama moja hadi nyingine, si pembe yenyewe.

FundiAntena: Ujumbe umetoka mzima mara ishirini mfululizo. Nimeacha vifaa vipate moto nusu saa, kilele kimesogea hadi 27.6, kwa hiyo FFT sasa inarudiwa kila pakiti. Asanteni sana wakuu.